Kutembea na Mumbua Kabla ya Jua

Ninaandika haya nikiwa mzima. Naanza na hilo kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilisoma simulizi nyingi za wagonjwa, na kila moja niliiruka hadi ukurasa wa mwisho kwanza, nione kama mwandishi alipona. Basi mimi nimepona, au kama daktari wangu anavyopenda kusema, kwa sasa hakuna kinachoonekana. Mumbua, aliyenizoesha kutoka nje kila alfajiri, hakupona. Sasa unayajua yote mawili, unaweza kusoma bila haraka.

Uvimbe wangu ulianza shingoni, msimu wa baridi ulipokuwa unamalizika. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina shahada ya kemia na kazi ya maabara, na tabia ya kudai ushahidi wa kila ninachoambiwa. Daktari alinionyesha ushahidi wake kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa saratani ya tezi za limfu. Ningetundikiwa dripu za dawa kali kila baada ya wiki chache, kiangazi kizima.

Mama hakuuliza kuhusu dawa. Aliuliza kama nywele zitaanguka zote. Ndani ya gari, tulipokaribia nyumbani kwetu Ghubra, Muscat, akasema, "Hili letu. Asijue mtu."

Familia yetu ilirudi Oman kutoka Unguja wakati wa babu yangu, na katika nyumba kama zetu ugonjwa huu hautajwi kwa jina. Huitwa maradhi yale. Ukijulikana unao, wanasema jicho litakumaliza kabla ya maradhi yenyewe, na ukipona hakuna atakayekuja kukuposa. Kwa hiyo shangazi zangu wa Qurayyat waliambiwa niko kwenye mafunzo ya kazi. Jirani yetu Bi Thuraya, ambaye mama amekunywa naye kahawa tangu nikiwa skuli, aliambiwa nina upungufu wa damu. Nilimwuliza mama jicho la Bi Thuraya linaingiaje kwenye chembe za damu yangu. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua uso.

"Kila kitu wataka ushahidi," akasema. "Ushahidi nnao. Nimewazika."

Dada zake wawili walikufa kwa maradhi yale. Sikuuliza tena siku hiyo.

Kwa watu kama sisi Kiswahili ni lugha ya nyumbani, lakini mitaani ni pazia pia. Mbele ya muuza vitambaa mama humwambia baba kwamba kitambaa hiki kibovu, na muuzaji anaendelea kutabasamu. Hospitalini mama alilitumia pazia hilo bila kujizuia. Katika chumba cha kusubiria kupimwa damu alikuwa akiwapitia watu mmoja mmoja kwa sauti yake ya kawaida: huyu amekonda, yule mumewe hamjali. Asubuhi moja, mbele yetu alikaa mwanamke mrefu, peke yake, ameshika chupa ya chai.

"Mtazame yule, maskini," mama akasema. "Hana hata wa kumshika mkono. Na wigi lenyewe limekwenda upande."

Yule mwanamke akainua mikono yote miwili, akalisogeza wigi taratibu, akamgeukia mama.

"Hivi sasa liko sawa, mama?"

Mama alijifunika uso mzima kwa shela. Mimi nikacheka mpaka nesi akachungulia mlangoni, na nilipotulia niligundua kwamba sikuwa nimecheka tangu uvimbe ule ulipotokea. Mama alipopata ujasiri wa kujifunua alimwomba radhi, akamwuliza kwa mshangao kama kumbe ni mwenzetu.

"Si sana," akajibu. "Mimi wa Machakos. Nyinyi mnaongea kama redio ya zamani."

Ndiye Mumbua. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika skuli moja ya binafsi, na nyumba aliyopanga pamoja na walimu wenzake haikuwa mbali na kwetu. Yake ilikuwa saratani ya titi. Alikuwa ameshakatwa, na sasa alikuwa kwenye dripu kama mimi. Wiki hiyohiyo mtaalamu wa mazoezi wa hospitali aliniambia kwamba ule uchovu wa dawa, ambao kulala hakuuondoi, hupungua mtu akitembea kidogo kila siku. Nilimbishia. Nilimwuliza mtu asiyeweza kusimama kuoga anatembeaje, na nani amehakikisha kwamba wanaotembea wanapata nafuu kwa sababu wanatembea, na si kwamba wanatembea kwa sababu wana nafuu. Mumbua, aliyekuwa akisubiri zamu yake kwenye kiti cha nyuma yangu, akauliza kama mimi hubishana na kila mtu au na wanaotaka kunisaidia tu. Kisha akasema yeye pia ameambiwa hivyohivyo, na kwamba kubishana peke yake kunamchosha, afadhali tubishane tukitembea.

Muscat kiangazi huna saa ya kuchagua. Jua likishatoka umechelewa. Tulianza kutoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, kukiwa na mwanga wa kutosha kuona njia ya kando ya pwani. Mumbua alinipitia mlangoni, kwa sababu alijua asiponipitia sitatoka. Ninayoyasema hapa nayasema kwa ajili yako unayetaka kuanza ukiwa na mwili uliokukataa. Usingoje kujisikia vizuri. Mimi nilijifunza kulala na nguo za kutembelea, raba zikiwa kando ya kitanda, kwa sababu nilipoamka akili yangu ilikuwa na hoja nzuri sana za kubaki, na kila hatua ya kujiandaa iliipa nafasi ya kuongeza nyingine. Sharti la Mumbua lilikuwa moja: ukishindwa kutembea, njoo ukae. Kuna siku baada ya dripu tulifika kwenye ukuta wa kwanza kati ya kuta fupi za kukalia zilizo kando ya njia, tukaketi hapo, mimi nikitapika kwenye mfuko na yeye akinisimulia habari za wanafunzi wake. Tukarudi. Ilihesabika.

Mwili ulibadilika bila kuniomba ruhusa. Kucha ziliingia weusi. Kila chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Nyayo zilikufa ganzi, nikawa natazama chini nijue nimekanyaga wapi. Nyusi ziliondoka mwisho, na ndizo zilizoniliza, kwa sababu kichwa mtandio unakifunika lakini uso hauna pa kujificha. Mumbua alikuwa akinionea wivu mtandio. Alisema nyinyi mna bahati, mimi wigi hili linanipika ubongo, na alfajiri pale pwani, watu wakiwa wachache, alilivua akalitia kwapani na kutembea na kichwa chake kitupu kinachong'aa. Sijawahi kumwona mtu asiyejali kiasi kile. Nilimwuliza haogopi watu watasema nini. Akasema watasema, "Tazama mwanamke mwenye kichwa kizuri."

Alikuwa anasali tukitembea, kimya, midomo ikicheza. Nilimwuliza anadhani nani anamsikia, na kwa nini aliyemsikia alimpa saratani kwanza. Hakukasirika. Alisema hata yeye anamwuliza swali hilo kila asubuhi, tofauti ni kwamba yeye anamwuliza Mungu mwenyewe, na mimi namwuliza Mumbua.

Mama alimpenda kwa njia yake. Alimtilia supu kwenye chombo cha kubebea, akampa mkate wa ufuta wa moto, akamkumbusha ajifunike kifua. Hakumwita kwa jina. Alisema tu mwenzio. Mwenzio amekuja, mwenzio apewe tende.

Tende zilikuwa zimeiva, na hewa ya alfajiri imekuwa nzito kama taulo la maji, siku Bi Thuraya alipotukuta. Alikuwa anamwagilia miti yake nje ya ukuta. Alinisalimia, akaniambia damu inarudi, uso una rangi sasa. Kisha akamgeukia Mumbua, kwa upole kabisa.

"We mwanangu, huna ndugu yako kwenu anatafuta kazi? Wangu amerudi kwao. Na mimi nataka mtaratibu kama wewe, si hawa wa kukimbiakimbia."

Mumbua alielewa kabla yangu. Alinitazama, akaona kwamba mimi sikuwa najua, kisha akamjibu Bi Thuraya kwamba atauliza. Tulitembea mpaka tukapita nyumba zote za mtaa wetu.

"Kwa hivyo mimi nafanya kazi kwenu," akasema. "Basi nataka mapumziko ya Ijumaa. Na mama yako aache kunipa shingo ya kuku."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Lakini hatua chache mbele alisimama, akatazama maji.

"Nina shahada, Asila. Watoto wa watu kama yule mama wanasimama nikiingia darasani. Na mama yako anajua."

Mama nilimkuta jikoni, mikono ndani ya unga. Hakukana. Alisema Bi Thuraya alimwuliza mapema, tangu wiki za kwanza, yule Mkenya anayekuja mlangoni kila alfajiri ni nani.

"Ningesema ni mwalimu, angeuliza mmejuana wapi," akasema. "Ningesema wapi? Nilitafuta neno moja lisilo na swali nyuma yake. Nikisema shaghala hakuna anayeuliza tena."

Hilo ndilo lililonichoma. Alisema kweli. Mtaani kwetu mwanamke Mwafrika anayefika nyumbani mwa watu kabla ya jua ni shaghala, mfanyakazi wa ndani, wala hakuna anayetaka ushahidi. Sisi wenyewe babu zetu walizaliwa kule, tunapika chakula cha kule na kuota ndoto zetu kwa lugha ya kule, na bado neno lile lilipita kama maji kwenye mchanga. Nilimwambia mama kwamba nitakwenda kumwambia Bi Thuraya ukweli wote. Mama alisema nikifanya hivyo nitakuwa nimemzika na yeye, kabla hajamaliza kuwalilia dada zake, akaanza kulia juu ya unga.

Ni Mumbua aliyenizuia. Alisema mama yangu anasimama kwa kamba moja tu, nisiikate sasa, mimi nikiwa katikati ya dripu. Tungerekebisha nikipona. Alisema nikipona, hakusema tukipona. Niliisikia tofauti hiyo wakati ule, nikadhani ni namna yao ya kusema.

Kabla joto halijavunjika mgongo ulianza kumuuma. Aliusingizia mwendo, akabadili raba. Mimi pia niliusingizia mwendo, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Alipimwa, na saratani ilikuwa imefika kwenye mifupa. Aliniambia tukiwa tumekaa ukutani, kwa sauti ileile aliyonitajia alama za wanafunzi wake. Hakuweza tena kusimama mbele ya darasa. Hakutaka kufia katika nyumba ya walimu, watu wakipishana naye kuingia msalani. Alitaka kwenda kwa mama yake.

Asubuhi yetu ya mwisho ilikuwa na ubaridi wa kwanza wa mwaka, ule ambao watu wa Muscat huufungulia madirisha. Alitembea polepole, ameshika mkono wangu, mimi niliyekuwa nikishikwa naye kiangazi chote. Aliniambia ataendelea kule, na mimi huku, na kila mmoja amwambie mwenzake amefika wapi, bila uongo. Uwanja wa ndege mama alikuja na mfuko wa tende na bati la halua. Alimkumbatia muda mrefu, akamsomea dua sikioni kwa Kiarabu, na Mumbua akaitikia amina.

Kwao saa iko nyuma ya kwetu, hivyo mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani, nimeoga, ndipo sauti yake inaingia kwenye simu. Mwanzo nilisikia ndege wakilia mitini, na pumzi zake: amefika barabarani, wanapopokelea maziwa. Baadaye akawa anafika kwenye geti. Halafu kwenye jiko la nje, mama yake anamgombeza kwa Kikamba, naye ananitafsiria matusi. Halafu mlangoni. Mimi nilikuwa namaliza dripu zangu wakati huo, na kila wiki nilikwenda mbali zaidi, nikawa naona haya kumwambia nilikofika. Alijua. Aliniambia nikipunguza hata ukuta mmoja atasikia kwenye sauti yangu.

Majibu ya picha yangu ya mwisho yalitoka baada ya mwaka mpya. Mama alisujudu kwenye sakafu ya hospitali. Mimi nilikaa na simu mkononi, sijui namwambiaje. Nikarekodi sentensi moja tu. Mumbua akajibu jioni yake, pumzi fupi.

"Sasa huna sababu ya kulala mpaka jua," akasema. Kisha: "Leo nimekaa kitandani, miguu ikagusa chini. Hiyo inahesabika?"

Nikamwambia inahesabika.

Baada ya hapo sauti zikawa chache. Iliyonifikia mwisho ilikuwa ya kaka yake. Niliifungua nikiwa pwani, nikidhani ni Mumbua aliyeazima simu ya mtu. Alijitambulisha kwa adabu, akanishukuru kwa urafiki, akasema dada yake amepumzika usiku wa kuamkia leo na kwamba aliacha agizo mimi niambiwe asubuhi, nikiwa natembea, si kabla. Sikumbuki nilirudije. Nakumbuka mama alifungua mlango, akaniona uso, akakaa chini pale pale penye viatu na kunivuta kwenye mapaja yake.

Sikutoka asubuhi iliyofuata, wala nyingine. Bi Thuraya, aliyezoea kuniona, akaja kuuliza hali. Mama alimkaribisha kahawa, akamwambia yule Mkenya amefariki kwao. Mimi nilikuwa nimelala kwenye godoro la sebuleni, macho yamevimba. Bi Thuraya alisikitika kweli, nataka hilo lieleweke. Aliniwekea mkono kichwani, juu ya zile nywele mpya fupi ambazo aliambiwa ni za mtindo.

"Maskini, na alikuwa mtaratibu," akasema. "Usilie hivyo, mwanangu. Mtapata mwingine. Kuna ofisi Ruwi, wanaleta wazuri."

Mama alikuwa ameshika birika la kahawa. Aliliweka chini. Nilidhani ataitikia, maana ndiyo ilikuwa njia rahisi, na hakukuwa na mtu wa kumdai chochote tena.

"Thuraya," mama akasema, "hakuwa mfanyakazi wangu. Nilikudanganya. Alikuwa mwalimu." Akaketi sakafuni. "Asila alikuwa na saratani. Na yule alikuwa na saratani. Wamekutana hospitali. Mwanangu alipokuwa hataki hata kuamka, yule mtoto wa watu ndiye aliyekuja kumtoa kitandani, naye mwenyewe mgonjwa. Nami nikamfanya shaghala."

Neno lenyewe, saratani, sikuwahi kumsikia akilitamka kabla ya siku hiyo. Alilitamka mara mbili, kama mtu anayevuka barabara na kuogopa kusimama katikati. Bi Thuraya aliuondoa mkono wake kichwani kwangu, akautazama, akaurudisha. Aliuliza jina lake nani. Mama akafungua mdomo, kisha akanigeukia mimi.

"Mumbua," nikasema.

"Mumbua," mama akarudia, na hapo ndipo akalia.

Bi Thuraya hakuondoka. Alijifunika vizuri, akakaa sakafuni karibu na mama, kahawa ikapoa, na alikaa mpaka adhana ya adhuhuri, kama watu wanavyokaa penye msiba.

Mtaa mzima unajua sasa. Shangazi zangu wa Qurayyat wanajua. Vipimo vyangu vilivyofuata vilitoka vizuri, kwa hiyo kama jicho lipo, limepita likaniacha, lakini mama hataki nimwambie hivyo na mimi simwambii. Wagonjwa huniuliza kama kutembea ndiko kulikoniponya. Hapana. Kama kutembea kungeponya, angepona yeye, kwa kuwa mimi nilikwenda kwa kuburutwa na yeye alikwenda kwa kupenda. Dawa ndizo zilizoniponya, na bahati, na kwa nini bahati hiyo iliangukia kwangu ni swali ambalo sina wa kumwuliza. Kutembea kulinipa mahali pa kuwa wakati ambapo sikutaka kuwa popote. Hilo ninaweza kulithibitisha. Na nyumba yako ikikuambia ufiche, fikiria ni nani mwingine utakayemficha pamoja na ugonjwa.

Leo asubuhi nilitoka kama kawaida. Pwani ilikuwa na ukungu kidogo na watu wawili watatu wanakimbia. Nilitembea mbali kuliko siku zote, na nilipogeuka kurudi nikabadili upande, nikajikuta natembea ukingoni kabisa mwa njia, karibu na barabara, bega langu linagusa miti. Yeye alipenda upande wa bahari. Nilikuwa bado nampisha.